Kwa Nini Tunagonga Mara Mbili

Kevo, siku ile uliniuliza swali, nikajifanya sikusikia. Nilisikia. Masikio yangu ni mazima bado, alhamdulillahi, ingawa mke wangu ana maoni yake. Ila swali lako halikuwa la kujibiwa kwa kupigiana makelele katikati ya mashine, na yule msimamizi wenu amesimama anatazama saa. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Hindawiya, hapa Jidda, kahawa iko mbele yangu na hakuna anayenihimiza. Nitakujibu weye na wenzako mnaoanza kazi siku hizi, lakini mnivumilie. Mzee akianza kusema hapiti njia ya mkato.

Kiwanda kilitualika sisi tuliostaafu tukaone mitambo mipya. Nikapanda ndege mpaka Riyadh, mjukuu wangu Raya akanipokea. Anafanya kazi ofisi moja pale Olaya, akanitembeza kwa metro. Treni haina dereva! Nikamuuliza, "Sasa nani anabadilisha gia?" Akacheka mpaka abiria wakageuka. Kisha akanileta kwenu Sulay, huko huko Riyadh, kwa gari, kwenye jengo nililolitumikia tangu ndevu zangu nyeusi. Nililiacha linanuka oili, nimelikuta linanuka sabuni.

Nikaona mnavyounda sasa: visanduku vya gia moja, vya magari ya umeme. Gia moja, yakhe! Sisi tulikuwa tukitoa giaboksi nzito mpaka ya kunyanyuliwa kwa winchi, shafti tatu ndani, meno yasiyohesabika. Nilisimama nikahuzunika kidogo, sikufichi. Halafu nikakuona weye, kijana wa Nakuru, umeweka kiganja juu ya kile kisanduku kikiwa benchini kinazunguka. Mwenzako upande wa pili akagonga benchi mara mbili. Na weye ukagonga mara mbili. Ndipo kikashushwa.

Nikakuuliza, "Mnafanya nini hapo?"

Ukasema, "Si ni prosija tu, mzee. Ukiruka, supervaiza anakuchomea kwa wakubwa. Lakini hata sisi tunashangaa. Kuna sensa inapima kila kitu. Kwa nini tunagonga?"

Haya. Sikiliza.

Kiwanda hicho chenye geti la umeme kilianza kama banda la mabati hapa hapa Hindawiya, nyuma ya msikiti. Mwenyewe alikuwa Abu Nasir, Msaudia aliyeendesha malori kabla hajawa bosi. Giaboksi zilimvunjikia njiani mpaka akaapa atazijua undani wake. Alikuwa mkali huyo! Sauti yake ilifika barabarani. Kusifu hajui. Ukifanya kazi nzuri anasema "halas", yaani basi, imekwisha; ukiharibu anasema "halas" hiyo hiyo, na ni uso wake tu unaokwambia ipi ni ipi. Na ndiye aliyekuwa kafili wetu sote, mdhamini wetu mbele ya serikali. Ikama, ile ruhusa ya kuishi nchi hii, ilipitia mkononi mwake. Akikukataa huna kazi, bila kazi huna ikama, na bila ikama kafunge mizigo.

Mafundi tulikuwa mchanganyiko wa mataifa, lakini wakuu wa benchi la majaribio tulikuwa watu wawili wa Unguja. Mmoja ni miye, niliyeletwa huku mdogo na wazazi wangu waliokimbia baada ya mapinduzi. Wa pili ni Khamis, aliyekuja mtu mzima katika msafara ule ule. Hatukuwa ndugu wa damu, lakini kwetu mtu wa rika la babako ni ami yako, hakuna mjadala. Ami Khamis ndiye aliyenifundisha kazi, na makofi machache nilikula pia.

Mwanzoni tulitengeneza tu. Giaboksi za mabasi ya mahujaji, za malori ya bandarini. Unafungua, unaosha, unatoa kibovu, unatia kipya. Shida ilikuwa hivyo vipya. Vinatoka ng'ambo, na vikifika umeshasahau uliagiza nini. Ndipo Abu Nasir akanunua mashine kuukuu ya kuchonga meno ya gia, akasema, "Yalla, tunachonga wenyewe."

Mtacheka. Tulitoa gia moja kwenye basi kama sampuli, tukaipima kila jino na kila pembe kwa uangalifu wa masonara. Tukachonga nyingine sawa na ile, haikutofautiana hata unywele. Tukaitia, tukawasha. Lo! Kelele, mtetemeko, balaa. Tukafungua tukapima upya: ziko sawa kabisa. Tukakuna vichwa mpaka alasiri, hata Ami Khamis akaziweka zote mbili mezani, akasema polepole, "Jamani, hii ya zamani si tuliitoa kwa sababu imeliwa?" Kumbe tumechonga gia mpya iliyokwisha kuliwa! Tumeiiga mpaka ugonjwa wake. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na kibao chake kinasema ni gia ya kwanza ya kiwanda. Hakisemi kwamba haikufanya kazi.

Tulijifunza hivyo, kwa kuumia. Tulijifunza kwamba beringi haipigwi nyundo ikaingia kwenye shafti. Unaipasha kwenye oili ya moto inatanuka, inaingia yenyewe kwa adabu. Tulijifunza kupaka meno ya gia rangi ya buluu na kuyazungusha kwa mkono, ili rangi ikifutika uone yanakutana wapi. Jasho la Jidda linakula chuma: ukiigusa gia kwa mkono mtupu leo, kesho utaikuta na kutu ya vidole vyako. Tulipohamia Riyadh tukadhani tumepumzika, kumbe huko adui ni vumbi, na ilibidi tumwage maji sakafuni kila asubuhi kabla ya kufungua chochote. Nyinyi mna viyoyozi na glavu. Mshukuruni Mungu, na glavu mzivae.

Sasa nije kwenye swali lako.

Kazi ya Ami Khamis ilikuwa kusikiliza. Giaboksi ikishafungwa inawekwa benchini, mota inaizungusha, na yeye anaweka ncha moja ya kijiti cha mti mgumu kwenye chuma na ncha nyingine sikioni. Beringi mbovu inanguruma. Meno yasiyokutana sawa yanalia sauti nyembamba, kama mbu. Akisema "nzuri" inatoka, akisema "mbovu" inafunguliwa, na hata Abu Nasir hakubishana naye.

Mtu wa kwanza kugundua ni miye. Msikiti ulikuwa ukuta kwa ukuta na banda letu, na Ami Khamis siku zote ndiye wa kwanza kusimama kukiadhiniwa. Basi nikaanza kumwona, wakati wa sala ukikaribia, anatupia jicho viatu vya watu mlangoni. Watu wakianza kuvaa, naye anavaa. Nikasema labda uzee. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akimwita mara tatu nne nyumbani kisha anasonya, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Anadhani ni ubishi wa mume, maskini, hajui kwamba sikio kweli linakufa.

Halafu siku moja giaboksi ya lori ikaponyoka mnyororo mmoja wa winchi, ikaanza kuyumba nyuma yake. Nikapiga ukelele, "Ami, nyuma!" Watu wote wakaruka isipokuwa yeye. Nilimvuta kwa ukosi wa shati tukaanguka pamoja. Alipoinuka hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanichukua mpaka nyuma ya mapipa ya oili.

"Sele," akasema, "umeshajua."

"Tangu lini, Ami?" Nikasema taratibu aone midomo.

"Tangu Mfungo Mosi wa mwaka jana. La kushoto limekwisha. La kulia linapata vishindo tu." Akatazama mlangoni kama kuna mtu. "Fundi wa kusikiliza asiyesikia, Abu Nasir atamweka afanye nini? Nina binti wawili wako skuli. Ikama yangu ikifutwa nitawapeleka wapi? Nyumba tuliyoiacha Unguja ina wenyewe sasa."

Nilimpenda yule mtu kuliko nilivyompenda babangu, na nasema hivyo babangu yuko kaburini na anajua.

"Lakini bado hujakosea hata moja," nikamwambia. "Unafanyaje?"

Akanyanyua kiganja. Akanieleza kwamba sikio lilipoanza kuondoka, mkono ndio ulioanza kumwambia mambo. Beringi ikiwa na kasoro inamtekenya ncha za vidole. Shafti ikipinda anaipata kwenye kifundo cha mkono. Kijiti alikuwa anakiweka sikioni kwa ajili ya macho ya watu tu. Kilichomsumbua ni ile sauti nyembamba ya meno, maana hiyo kiganja hakiipati.

Tukapatana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikawa nasimama upande wa pili wa benchi na kijiti changu, najidai nipo kumsaidia. Nikisikia ni salama nagonga benchi mara mbili, mtikisiko unamfikia mkononi. Nikisikia mbovu nagonga mara moja. Naye ananijibu vile vile, kwa jinsi mkono wake unavyomwambia. Yeye akishaniambia na miye nikishamwambia, ndipo anatamka, "Nzuri." Wengine walidhani tunaua mbu.

Kilichokuwa kigumu ni kuzungumza na Abu Nasir. Ami alijifunza kusoma midomo, Kiarabu na Kiswahili, lakini bosi alikuwa na masharubu mazito yaliyomfunika mpaka mdomo wa chini. Ami akitoka kuongea naye jasho linamtiririka. "Sele," alikuwa akiniambia, "naomba dua kila Ijumaa kinyozi ampitie mtu huyu." Tukacheka, lakini alikuwa haombi kwa mzaha.

Tukaenda hivyo muda mrefu, mpaka ule msimu wa umra. Ikama yangu ilikuwa na matatizo, na Abu Nasir mwenyewe akanipeleka jawazati, ofisi ya uhamiaji, kwa gari yake. Tukakaa pamoja kwenye foleni tangu asubuhi. Huku nyuma mwenye basi akaja amekasirika, abiria wake wanangoja, giaboksi yake ndiyo kwanza imefungwa. Kila mtu akamtazama Ami Khamis. Angesema nini? Kwamba anamngoja Sele aje amsaidie kusikia? Akaweka kijiti sikioni na kiganja kwenye chuma. Kiganja kikamwambia salama. Ikatoka.

Basi lilikwama chini ya mlima wa kupandia Taif, likarudi likivutwa. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini watoto na vikongwe walisimama kwenye jua lile mpaka lilipokuja basi jengine. Tulipoifungua giaboksi, meno ya gia ya tatu yalikuwa yamesagika. Hayakukutana sawa tangu mwanzo. Yalilia ile sauti ya mbu pale benchini, na hapakuwa na wa kuisikia.

Abu Nasir akatukusanya wote. Akaishika ile gia mkononi. "Nani aliyeipitisha hii?"

Nikamwona Ami anahangaika kuyasoma yale masharubu, hapati kitu. Anatazama nyuso zetu ajue kimesemwa nini. Damu ikanipanda. Nikasema, "Miye, bosi."

Midomo yangu aliisoma vizuri. Akatoka mbele. "Mwongo huyu. Ni miye."

"Ni miye," nikakazania.

Abu Nasir akanigeukia. "Weye, Suleiman? Weye ulikuwa na mimi jawazati."

Wallahi nilikuwa nimesahau! Nilikaa naye kutwa, nimekula mkate wake ndani ya gari yake, na sasa namwambia machoni kwamba nilikuwa benchini. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyecheka. Abu Nasir alinitazama miye, akamtazama Ami Khamis, akakitazama kile kijiti kilichokuwa mezani, kisha akaitazama mikono ya Ami. Halafu akageuka akatupa mgongo, akasema, "Halas," akaondoka.

Na uso wake hatukuuona. Nimeshawaambia, bila uso hiyo halas huwezi kujua ni ipi.

Ami Khamis alikwenda nyumbani akamwambia Bi Zuwena aanze kukunja nguo. Binti zake wakauliza tunasafiri wapi, wakafurahi, watoto hawa, wakafikiri ni matembezi. Bi Zuwena alikuja kwetu kumlilia mamangu. Nilimsikia akisema, "Tulikuja huku na watoto hatuna. Sasa tunao, na pa kwenda hatuna." Miye nilikaa chumba cha pili nimeshika kichwa.

Asubuhi tukaenda kazini wote wawili. Abu Nasir alikuwa ameshafika, amesimama kwenye benchi la majaribio. Akatuita. Akasema, "Kuanzia leo giaboksi haitoki kwa neno la mtu mmoja. Wawili. Mmoja sikio, mmoja kiganja. Na hapa hapasemwi neno, kelele zimezidi. Sikio atagonga kwanza: mbili salama, moja mbovu. Kiganja atamjibu. Asipojibu, giaboksi haiendi popote. Khamis ndiye mkuu wa kiganja, atawafundisha wote."

Mafundi wakanong'ona, bosi kaleta uganga. Wengine wakakasirika, kwamba wamefanya kazi miaka bila kupapasa chuma kama wapofu. Abu Nasir akawaambia mwenye shida mlango ule pale, mafi mushkila, hakuna tatizo. Wakajifunza. Ami Khamis aliwashika mikono mmoja mmoja, akawawekea viganja juu ya chuma, akawaambia wafumbe macho. Giaboksi za kurudi zikapungua mpaka wenye mabasi wakaanza kuulizana tumefanya nini. Tulipohamia Sulay na kuanza kutoa giaboksi zetu wenyewe, tangu sanduku mpaka jino la mwisho, kanuni hiyo tukahama nayo. Ami Khamis akahama nayo pia, ikama yake ikahuishwa kila mwaka, na binti zake wakamaliza skuli.

Mambo mawili mengine yalitokea, na wakati ule sikuyatia maanani. La kwanza, Abu Nasir aliacha kumwita mtu kwa nyuma. Alikuwa anazunguka mpaka mbele yako, anakugusa bega, ndipo anasema. Alifanya hivyo kwetu sote. Nikadhani ni utu uzima unamwingia. La pili, wiki ile ile ya kanuni mpya alikuja kazini kanyoa masharubu, mdomo mweupe, hata yeye anauonea haya. Tukasema kaoa mke wa pili. Ami Khamis alifurahi mpaka machozi. "Umeona, Sele? Dua ya Ijumaa hiyo!"

Ami alistaafu, akarudi Jidda, akafa akiamini kwamba siri ile ilikuwa yake na yangu tu. Na miye? Nilishuku. Mara nyingi nilitaka kumuuliza Abu Nasir. Nikaogopa. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala weye.

Nasikia wakubwa wenu wanataka kuiondoa ile kanuni ya kugonga, kwa kuwa sensa inatosha. Labda inatosha kweli. Miye si mtu wa kushikilia ya zamani kwa kuwa ni ya zamani, mshaona ile gia ya kwenye kabati. Lakini mkiiondoa, mjue mnaondoa nini.

Tulimzika Ami Khamis hapa Jidda, baada ya sala ya adhuhuri. Abu Nasir alikuja kutoka Riyadh, mzee kupita kiasi, mwanawe amemshika mkono. Tulipomaliza kufukia watu wakaomba dua, wakaanza kutawanyika kutafuta kivuli. Yeye hakuondoka. Alimwachia mwanawe fimbo yake, akapiga magoti kwa taabu ubavuni mwa kaburi, akaweka kiganja juu ya udongo. Akagonga mara mbili. Waliokuwa karibu walidhani anashindilia mchanga.

Hakuinuka. Kiganja alikiacha pale pale, akanyanyua uso akanitazama miye niliyesimama upande wa pili, na machozi yanamshuka juu ya ule mdomo usio na masharubu. Ikanichukua muda kufahamu anangoja nini. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja changu kwenye mchanga wa moto, nikamjibu, mara mbili.

"Halas," akasema, na safari hii uso wake niliuona.